Kompyuta ya zamani "haiwaki"? Soma haya kabla hujakubali kupigiwa Windows

Mwezi uliopita aliingia dukani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, mwalimu mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi. Desktop yake ilikuja na bajaji, imefunikwa kanga isiingie vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine imenichosha. Nimepigiwa Windows mara mbili ndani ya wiki tatu, na leo asubuhi haiwaki tena."

Nikaichomeka. Taa ikawaka, feni ikazunguka, kisha skrini ikaleta maandishi meupe: saa haijawekwa, bonyeza F1 kuendelea. Nikabonyeza. Ikasema haioni diski ya kuanzia. Nikaingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, nikakuta tarehe inasoma 1 Januari 2012. Hapo nilishajua. Nikafungua ubavu wa kasha, nikachomoa ile betri ndogo ya duara inayokaa kwenye madabodi (ubao mkuu wa ndani), mfano wa sarafu, nikaipima kwa mita. Volti 1.8. Betri mpya ya aina ile ina volti 3.

Nikaweka mpya, nikapanga tarehe, nikarudisha mpangilio mmoja uliokuwa umejibadilisha, nikahifadhi. Kisha nikachomoa waya ukutani, tukanywa chai, nikauchomeka tena. Ikafunguka mpaka ndani. Ukiondoa muda wa chai, kazi yenyewe haikufika nusu saa, na betri bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai.

Kilichoniuma ni kingine. Alipopigiwa Windows, yaani kuwekewa upya, mara ya kwanza, diski ilifutwa yote bila yeye kuulizwa. Humo mlikuwa na hesabu za miaka sita za kikundi chao cha kuzikana, na picha za harusi ya binti yake. Tulikaa na ile diski siku mbili. Picha zilirudi kiasi. Hesabu hazikurudi. Akaniuliza, "Kwa hiyo Windows haikuwa na kosa lolote?" Nikamjibu ukweli: haikuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana nimekaa kuandika. Wateja wetu wengi wana kompyuta za miaka minane, kumi, hata kumi na tano, nyingi zikiwa za mtumba zilizotumika maofisini Ulaya au zilizopitia Dubai. Ni mashine imara na bado zina kazi ya kufanya. Zinapogoma kuwaka, mara nyingi tatizo ni dogo na liko mahali ambapo kupiga Windows hakufiki.

Kuwaka na kufunguka

Ukitupigia simu kusema kompyuta haiwaki, swali letu la kwanza litakuwa hili: haiwaki kabisa, au inawaka lakini haifunguki? Jibu lako linatuokolea nusu ya kazi.

Kompyuta haianzi na Windows. Ukibonyeza kitufe, pawasaplai (kile kisanduku cha umeme ndani ya kasha) inatoa umeme, na umeme ukishatulia inaitumia madabodi ishara kwamba mambo yako sawa. Prosesa, ubongo wa kompyuta, inaamka na kwenda kusoma maagizo kwenye chipu moja ndogo, mara nyingi yenye miguu minane, isiyozidi ukubwa wa punje ya mahindi. Humo ndimo inamokaa BIOS, yaani programu dhibiti iliyoandikwa na kiwanda. Kompyuta za kuanzia mwaka 2012 hivi nyingi zina aina mpya iitwayo UEFI, ila mafundi tumeshazoea kusema BIOS na hapa nitaendelea hivyo hivyo. BIOS inakagua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kisha kadi ya picha, kisha kibodi na diski. Ikiridhika ndipo inatafuta diski yenye Windows na kuikabidhi kazi.

Kwa hiyo Windows ndiyo ya mwisho kwenye foleni. Mashine iliyokwama kwenye umeme, kwenye RAM au ndani ya BIOS haijaifikia hata kidogo, na kuipiga upya ni kupaka rangi mlango wa nyumba ambayo kufuli ndilo lililokwama.

Kabla hujaileta, tuchukulie video fupi kwa simu. Anza kurekodi kabla hujabonyeza kitufe, onyesha taa ya mbele, acha sauti isikike, na usikate mpaka dakika moja iishe. Video kama hiyo inatueleza mengi kuliko maelezo ya mdomo, kwa sababu kompyuta huwa inasema inapoumwa. Nyingine hulia "pii" kwa idadi maalumu, nyingine huwashawasha taa. Kila kampuni ina lugha yake, usichukue maana ya mashine moja ukaipeleka kwenye nyingine. Mfano ni desktop za ofisi za HP za kizazi cha Compaq 6000 na 8000, ambazo zimejaa hapa mjini. Taa nyekundu ikiwaka mara mbili na kupumzika, prosesa imepata joto kupita kiasi. Mara tano, RAM haisomeki. Mara nane, BIOS yenyewe imeharibika. Ukituambia tu "taa nyekundu inawaka mara tano, inatulia, inarudia," fundi anatoka na RAM ya kujaribia mkononi hata kabla hujafika.

Mashine isiyoonyesha dalili yoyote, hakuna taa wala feni, tunaanzia ukutani. Usicheke, kila wiki tunakutana na soketi ya ukutani iliyoungua au ekstensheni iliyolegea. Jaribu soketi nyingine, na waya mwingine. Desktop nyingi zina swichi ndogo nyuma ya pawasaplai ambayo watoto huizima wakati wa kucheza. Kwa laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake ujaribu. Zoezi hilo linamaliza umeme uliobaki ndani, na tumeshaona laptopu nyingi "zilizokufa" zikiamka kwa hilo tu.

Ila nakusihi usifungue pawasaplai yenyewe. Umeme wetu wa volti 230 ukiingia mle na kugeuzwa unafika karibu volti 325, na kapasita zake, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zinaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa waya. Sisi tunaipima ikiwa imefungwa, na ikiwa mbovu tunabadilisha nzima.

Chumvi ya bahari

Tanga tunaipenda kwa upepo wake, lakini huo upepo una chumvi. Ukitoa kipande cha RAM kutoka kwenye mashine iliyokaa miaka mitano karibu na bahari kule Raskazone na ukakiinamisha kwenye mwanga, utaona vile vijino vya dhahabu vimefifia, vingine vina doa la kahawia kama alama ya chai iliyokauka. Doa hilo ni jembamba sana, ila linatosha kuzuia umeme kupita. Matokeo yake kompyuta inawaka, feni inapiga kelele, skrini inabaki nyeusi.

Hii unaweza kuijaribu nyumbani ukiwa na subira. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha ambacho hakijapakwa rangi ili umeme tuli wa mwilini utoke. Sukuma vile vishikizo viwili vya pembeni kwenda nje, RAM itainuka yenyewe. Futa vijino kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowekwa spiriti safi, uache vikauke. Puliza vumbi kwenye tundu lake kwa bloa au brashi kavu, usipulize kwa mdomo maana mate nayo ni maji. Rudisha ukisukuma kwa vidole gumba viwili mpaka usikie vishikizo vikifunga, "ta, ta". Watu wengi wanakosea hapo: wanaona imekaa, kumbe upande mmoja haujazama.

Kuna mafundi wanaotumia raba ya kufutia penseli. Hata sisi tunayo, nyeupe laini, lakini tunaigusa tu pale spiriti iliposhindwa, tena kwa wepesi, kwa sababu dhahabu ile ni utando tu na ukiikwangua kila mwezi utaimaliza. Kama una vipande viwili vya RAM, jaribu kimoja kimoja, ukibadilisha na matundu. Mara nyingi utampata mkorofi.

Betri ya saa, chanzo cha fujo nyingi

Sasa turudi kwenye betri iliyomsumbua mwalimu wetu, maana hii ndiyo inayowagharimu watu bila sababu.

Betri hiyo jina lake ni CR2032. Tarakimu hizo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Kazi yake ni kuendesha saa ya kompyuta wakati mashine imezimwa, na kwenye mashine nyingi za zamani ndiyo pia inayotunza mipangilio ya BIOS isifutike. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani na swichi imewashwa, hata kama umeizima, saa hutumia umeme wa ukutani na betri inapumzika. Ukizima ukutani, mzigo wote unaiangukia betri.

Na sisi hapa tunazima ukutani. Tunazima kwa sababu ya LUKU, tunazima kwa kuogopa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Ni tabia nzuri na sikuambii uiache. Ila ujue kwamba betri ya kompyuta inayozimwa ukutani kila usiku inachoka mapema kuliko ya ofisi ambayo haichomolewi. Mashine ya mtumba nayo imekaa kwenye kontena na kwenye ghala miezi mingi bila umeme, kwa hiyo ilipokufikia betri ilikuwa imeshaliwa sehemu kubwa.

Ikifa, kwanza saa inarudi nyuma miaka. Watu wanaona hilo ni dogo, wanaishi nalo. Lakini tovuti zote za siku hizi, za benki, za barua pepe, za serikali, zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini leo ni Januari 2012, inaona vyeti vyote havijaanza kutumika na kivinjari kinakataa kufungua. Mteja anadhani kifurushi kimeisha au kuna kirusi. Wapo waliobadilisha hata modemu.

Baya zaidi ni mipangilio. BIOS ikisahau, inarudi kwenye ile ya kiwandani, na hiyo si lazima iwe ndiyo Windows yako ilivyowekewa. Nieleze lililotokea kwa yule mama mwalimu, kwa sababu limewatokea wengi. Fundi aliyempigia Windows alitumia flashi ya kizamani. Ili flashi ile isome, akabadilisha BIOS kutoka UEFI kwenda mfumo wa zamani uitwao Legacy. Windows ikaingia, mashine ikafunguka vizuri pale dukani, akalipwa. Mama akaipeleka nyumbani, akaitumia, usiku akazima ukutani. Betri imekufa, BIOS ikasahau, ikarudi UEFI. Asubuhi ikatafuta Windows ya aina ya UEFI, haikuiona, ikasema hakuna diski. Akairudisha kwa fundi, Windows ikapigwa tena kwa njia ile ile, na mambo yakajirudia. Windows ilikuwapo kwenye diski muda wote, nzima.

Ndugu wa tatizo hilo ni mpangilio wa jinsi diski inavyosomwa. Kuna AHCI, kuna RAID, kuna IDE ya zamani. Desktop nyingi za ofisi za Dell kiwandani huwekwa RAID hata kama zina diski moja, na aliyepiga Windows akiwa ameweka AHCI, siku betri ikifa utaona dirisha la Windows linaanza, kisha skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE, au kwenye matoleo ya zamani namba 0x0000007B. Ukikutana na hiyo mara tu baada ya saa kurudi nyuma, usimruhusu mtu yeyote kufuta kitu. Ingia BIOS, badilisha RAID kuwa AHCI au kinyume chake, hifadhi, ujaribu. Kuingia BIOS ni kubonyeza F2 kwa Dell na Acer, F10 kwa HP, F1 au F2 kwa Lenovo, na Delete kwa madabodi nyingi za kuunganisha mwenyewe, tena ubonyeze mara kwa mara tangu taa inapowaka.

Ushauri wangu ni mmoja na naurudia kwa kila mteja: ingia BIOS leo, wakati mashine ni nzima, upige picha kila ukurasa kwa simu. Betri ikifa utakuwa na kumbukumbu yako ya kurudishia.

Kubadilisha betri ya desktop ni kazi ya mtu yeyote mwenye bisibisi. Chomoa waya, tafuta ile sarafu, bonyeza kijishikizo cha pembeni nayo itaruka. Upande wenye alama ya kujumlisha unatazama juu. Kwenye laptopu ni kazi kidogo, kwa kuwa betri mara nyingi ina waya wake na imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mara nyingine lazima kibodi au kifuniko chote cha chini kitoke. Hiyo tuachie sisi.

Kugusa BIOS yenyewe

Kuna vijana wameona video mtandaoni wakaamini kwamba kusasisha BIOS kutaifanya kompyuta ya zamani iwe na kasi, au ikubali Windows 11. Kasi hainunuliwi huko. Kwa mashine ya zamani kasi inaletwa na SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka. Na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi unaokagua programu za kuwashia), na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. BIOS mpya haiwezi kugeuza prosesa ya kizazi cha nne kuwa ya nane. Najua msaada wa kawaida wa Windows 10 umekoma tarehe 14 Oktoba 2025 na watu wana wasiwasi, wana haki. Njoo tuzungumze njia zilizopo. Kuflashi ovyo, yaani kuandika BIOS upya bila mpango, si mojawapo.

Zipo sababu halali za kusasisha. Kiwanda kimetoa toleo linaloponya hitilafu unayoiona kwa macho. Unataka kuweka prosesa mpya zaidi kwenye madabodi inayoikubali kwa toleo la mbele tu. Au suala la vyeti vya Secure Boot: vile vya Microsoft vya mwaka 2011, vilivyomo kwenye BIOS za kompyuta nyingi, muda wake unaanza kuisha Juni 2026, na baadhi ya mashine zinahitaji toleo jipya la BIOS ili zipokee vile vya 2023. Kompyuta haitazimika siku hiyo, usitishwe na mtu. Lakini isiyopata vyeti vipya itakosa masasisho ya usalama yanayohusu hatua zile za kuwaka, kwa hiyo tunapofanya huduma ya kawaida tunaliangalia na hili.

Tukisasisha hapa dukani tunakwenda polepole. Namba kamili ya modeli, tena na ya madabodi, kwa kuwa mashine mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na ubao tofauti. Faili linatoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza, basi. Desktop inakaa kwenye UPS (kifaa chenye betri ya akiba), laptopu inakuwa na betri yenye chaji na chaja iko ukutani. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, tunasimamisha ulinzi huo kwanza na kuhakikisha ile namba ya kuifungulia yenye tarakimu 48 tunayo, la sivyo mashine ikiwaka itaidai na mwenye nayo atabaki nje ya faili zake. Na siku ambayo umeme unakuja na kukatika, kazi hiyo haifanyiki. Mteja anaambiwa arudi kesho.

Nimekuwa mkali hapo kwa sababu ya laptopu iliyoletwa na kijana wa chuo mwaka jana. Alikuwa anasasisha BIOS nyumbani, betri ya laptopu yake ilishakufa zamani na anaitumia kwa chaja tu. Ikafika asilimia sitini na kitu, mtaa mzima ukaingia giza. Umeme uliporudi, laptopu ilikuwa inawasha taa ya kitufe na kuzima, inawasha na kuzima.

Zipo njia za dharura ambazo kiwanda chenyewe kimeziacha. Kwenye laptopu nyingi za HP, faili sahihi la BIOS likiwa kwenye flashi, unashikilia kitufe cha Windows pamoja na B wakati wa kuwasha. Dell za miaka ya karibuni hutumia Ctrl na Esc. Baadhi ya madabodi za Gigabyte zina chipu mbili za BIOS, moja akiba. Tulijaribu njia ya kiwanda kwa yule kijana, haikuitikia. Ikabidi tuifungue, tuitafute ile chipu ya miguu minane, tuibane kwa kibanio chake na kuisoma kwa kifaa cha nje.

Na hapa niseme jambo ambalo wateja hawaambiwi. Kabla ya kuandika chochote kwenye chipu, fundi anatakiwa asome kilichomo mara mbili, alinganishe nakala zote mbili mpaka zifanane, na aitunze. Mle ndani, pamoja na BIOS, kuna namba ya utambulisho ya mashine yako, kwenye nyingi kuna namba ya kadi yake ya mtandao, na kwa laptopu zilizotoka kiwandani na Windows 8 kwenda mbele kuna hata ufunguo wa leseni yako ya Windows. Fundi akichukua faili la kompyuta nyingine mtandaoni na kulimimina lote, mashine itawaka, atalipwa, na wewe utakuwa umepoteza leseni yako na kubeba utambulisho wa mtu mwingine. Sehemu nyingine ya chipu, ile ya Intel ME (programu ndogo ya Intel inayojiendesha yenyewe), isipowekwa sawasawa mashine inaweza kufanya kazi vizuri kisha ikajizima kila ikifika dakika 30. Tumeshaletewa laptopu mbili za namna hiyo, wenyewe wakidhani ni joto, feni zimeshabadilishwa bure.

Ya yule kijana iliamka. Tulichukua sehemu iliyoharibika tu kutoka faili la kiwanda, sehemu zenye utambulisho wake tukazirudisha kutoka nakala yake mwenyewe. Ilituchukua karibu siku nzima. Betri mpya ya laptopu alinunua siku hiyo hiyo.

Ukinunua ya mtumba

Kabla hujatoa hela, washa mashine hapo hapo dukani na uingie BIOS. Ikikuomba nenosiri na muuzaji hana, iache. Kompyuta nyingi za maofisini zinafungwa nenosiri la msimamizi, na wengi wanaamini kutoa ile betri ya saa kunalifuta. Kwa laptopu za kiofisi haliondoki hivyo, limehifadhiwa kwenye chipu isiyotegemea betri. Utaitumia vizuri mpaka siku unayotaka kuwashia flashi au kubadilisha mpangilio wowote, ndipo utakwama. Sisi hatufungui nenosiri la BIOS bila risiti ya manunuzi, na hilo hatulilegezi hata kwa mteja tunayemfahamu.

Angalia pia tarehe na saa. Kama inasoma miaka ya nyuma, omba betri mpya iwekwe kabla hujaondoka. Na chungulia kapasita kwenye madabodi ikiwezekana: vichwa vyake viwe bapa kama mfuniko wa kopo. Kilichovimba au kilichotoa uji wa kahawia, mashine hiyo itakusumbua ndani ya muda mfupi.

Kuna wakati tunamwambia mteja ukweli kwamba haifai kutengeneza. Madabodi iliyoliwa na chumvi mpaka njia zake za shaba zimekatika, au ambayo bei yake inazidi ya kompyuta nzima ya mtumba, hatuigusi. Diski yake tunaitoa, tunaiweka kwenye kasha la USB, faili zako zote unaondoka nazo. Diski ikiwa inagonga "tak, tak, tak" usiendelee kuiwasha ukijaribu bahati. Kila inapogonga inaweza kuwa inakula faili. Izime, uilete ilivyo.

Utaratibu wetu ni huu. Kuangalia na kukuambia tatizo liko wapi hatutozi kitu. Hatupigi Windows wala kufuta diski ya mtu bila kumwuliza nini kimo na bila yeye kuandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya mapokezi kwamba amekubali. Kifaa chochote tulichobadilisha, kile kibovu unarudishiwa ukione.

Laptopu ije na chaja yake, hata kama unaamini chaja haina tatizo. Desktop ije kasha peke yake, monita na kibodi tunavyo, ila kama inatumia kadi maalumu ya picha tuambie mapema. Andika kwenye kikaratasi mara ya mwisho ilipofunguka vizuri ni lini na kabla ya hapo kulitokea nini: umeme ulikatika, ilihamishwa, iliongezwa kitu. Tunafungua saa mbili asubuhi, na Ijumaa tunafunga saa sita hadi saa nane mchana kwa ajili ya swala.